Makosa Kumi na Moja ya Maman Brigitte

Tak. Tak, tak. Jimbi wa jirani alikuwa bado kimya, na mlio huo ndio uliomwamsha Brigitte. Alikuwa ni Alphonse, mume wake, akigonga pasi ya makaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma ili majivu yaanguke nje yasichafue nguo. Kila Jumatatu ilikuwa hivyo. Tangu alipostaafu kazi ya reli, mzee huyo alijichukulia kazi ya kupiga pasi blauzi ya mke wake, na hakuna aliyemwomba. Brigitte hakuwahi kumwambia asante kwa mdomo. Alibaki kitandani dakika tano zaidi, akisikiliza, ili mume wake amalize bila kuharakishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

"Leo njo siku yako ya kuonyesha?" Alphonse aliuliza alipomwona anatoka chumbani, tayari ameshavaa.

"Njo leo. Balimu bote batakuya kukaa nyuma yangu. Na ule mademoiselle wa programme, na tablette yake."

"Unaogopa?"

"Niogope nini? Miaka makumi tatu na moja niko mu première."

"Sawa. Lakini blauzi uliivaa ndani inje."

Brigitte akajitazama, akacheka, akaivua. Kutoka chumba cha pili, binti yao Abigaël, aliyekuwa akishonea watu nguo pale barazani, akapaza sauti: "Papa, mumuache mamu! Anatetemeka sawa bibi-arusi!"

Hakuwa akitetemeka. Alikuwa amebakiza miaka miwili ya kazi, na hakuomba kitu kingine ila kutoka shuleni kwa mlango uleule alioingilia, mlango wa darasa la kwanza. Wengine walitamani kupanda, wawe wakuu wa shule au waende ofisini. Yeye alipenda wale wadogo wanaofika mwezi wa tisa wakilia na kuondoka mwezi wa saba wakisoma majina ya maduka barabarani.

Mara moja kwa mwezi, walimu wa shule yao ya mtaa wa Katuba walikutana kujifunza kazi upya. Mmoja alifundisha darasa lake kama kawaida, na wenzake tisa walikaa nyuma na madaftari. Kisha watoto walirudi nyumbani, walimu wakabaki kwa kile walichokiita critique. Aliyefundisha ndiye aliyesema wa kwanza, na kazi yake ilikuwa kujikosoa mwenyewe.

Jambo hilo lilikuwa na adabu yake, na adabu hiyo ilikuwa ya zamani kuliko walimu wote waliokuwapo. Aliyefundisha vizuri zaidi alijikosoa zaidi. Ilikuwa kama mama anayewaandalia wageni bukari, yaani ugali, na samaki, na sombe ya majani ya muhogo ya kujaa sahani, kisha anasema, musamehe, leo hakuna kitu. Hakuna mgeni anayeinuka kwenda kutafuta chakula kwa jirani. Anajibu, hapana maman, ni mingi, halafu ananawa mikono.

Siku hiyo Brigitte alifundisha kutoa.

"Maman alikaanga bitumbura saba," aliwaambia watoto sitini na tatu, akipanga vifuniko vya chupa juu ya meza. "Princesse alikula mbili mbele ya kuoga. Kiisha akakula moja nyuma ya kuoga."

"Mulafi!" mtoto mmoja akapiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko.

"Njo mulafi. Sasa mu sahani munabakia ngapi?"

"Ine!"

Hata wale wa mwisho waliinua vibao vyao vikiwa na nne. Nne ya Ramla, msichana mdogo wa benchi la mwisho kabisa, ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko zote.

Watoto walipokwisha kutoka, Wivine akasogeza kiti chake. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na saba, mkufunzi wa programu mpya ya kuwaendeleza walimu. Alikuwa ametoka Kilwa, kule ziwani, mwaka huohuo, na hii ilikuwa shule yake ya pili mjini.

"Maman Brigitte, tunaanza na ninyi," alisema kwa heshima, tableti mapajani. "Ninyi mwenyewe munaona makosa wapi?"

"Oh, makosa iko mingi, binti yangu," Brigitte alijibu kwa furaha. "Nilichelewa kuanza. Sauti yangu ilikuwa ya chini. Mwandiko yangu ku tableau, mubaya. Niliuliza paka batoto ba mbele tu. Ba nyuma sikubaona hata."

Wenzake walitikisa vichwa kwa raha, kama watu wanaosikia wimbo wanaoujua. Naye akaendelea, kwa kuwa kuishia makosa matano mbele ya mgeni kungeonekana majivuno. Alikwenda haraka. Hakurudia. Hakuwa na vifaa vya kutosha. Hakufuata saa. Aliacha watoto wapige kelele. Na kwa jumla, akamalizia, hakujitayarisha. Kidole cha Wivine kiligusa kioo mara kumi na moja.

"Hapana, maman!" Mwalimu Guelord wa darasa la tatu akadakia, kama ilivyopasa. "Somo ilikuwa muzuri sana! Sisi njo tulijifunza!"

Makofi yakalia. Wivine naye akapiga makofi kwa moyo wote. Lakini tableti yake haikuwa na nafasi ya kuandika makofi. Mkuu wa shule, Directeur Asani, akaweka sahihi kwa ncha ya kidole, akasema sahihi yake imetoka kama mguu wa kuku, wote wakacheka, wakaenda zao.

Siku tisa baadaye, karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya Asani. Majina kumi. Tisa yalikuwa meusi, na mbele ya kila moja palikuwa na sifuri. La Brigitte lilikuwa jekundu. Mbele yake paliandikwa makosa kumi na moja, na chini yake maneno mawili ya Kifaransa: accompagnement rapproché, yaani kusindikizwa kwa karibu.

Walimu waliisoma mmoja mmoja. Guelord, ambaye hakuwa amefundisha mbele ya wenzake tangu Pasaka, aliitazama sifuri yake kwa haya, kisha akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Maman, muingie," Asani aliita kutoka ndani. "Mukae."

"Nitasimama."

"Tafazali mukae. Siwezi kusoma hii na ninyi muko munasimama."

Akakaa. Asani akasoma polepole. Kwa wiki tatu Brigitte angeketi nyuma ya darasa lake mwenyewe na karatasi ya kujaza, akimwangalia mwenzake anavyofundisha. Mwenzake huyo angekuwa Elisée, mwalimu kijana wa darasa la tano. Baada ya hapo angefundisha somo jingine mbele ya wote.

"Na kama ile ingine haiendi?"

Asani aliikunja karatasi mara mbili. "Banasema mutatoka mu première. Batatafuta kazi ingine mu dépôt ya bitabu."

"Directeur, nilifanya nini?"

"Sijue, maman. Niliona somo na macho yangu. Ilikuwa muzuri."

"Lakini ninyi njo mulisigner."

"Nilisigner." Asani alikuwa mtu wa adabu, mjukuu wa wafanyabiashara wa Maniema, na alikuwa bado hajajifunza kuficha aibu. "Baliniambia weka kidole, nikaweka kidole. Sikusoma." Akaisukuma karatasi pembeni. "Batoto ba Elisée nitabachukua miye mwenyewe. Sitaki mutu aseme cinquième inateseka juu yenu."

Wakati ule hasira ilimzuia Brigitte kusikia wema uliokuwa ndani ya maneno hayo. Aliusikia baadaye, njiani, alipokuwa peke yake.

Siku hiyohiyo, Jumatano, alimpa Elisée ufunguo wa kabati na kopo la vifuniko vya chupa. Kijana alilipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Maman, miye sikuomba hii."

"Najua."

"Batoto ba première banaliaka?"

"Saa ine banaliaka. Unabapatia maji, banaacha."

Getini, mama wawili waliokuja kuchukua watoto walikuwa wameshasikia. "Madame, mulipiga mutoto?"

"Sikupiga mutu."

"Sasa mulifanya nini?"

"Sijue," Brigitte alisema, na wale mama wakamtazama kwa huruma iliyouma kuliko tusi.

Nyumbani wote watatu waliinamia simu ya Abigaël, iliyokuwa na picha ya ile karatasi.

"Accompagner," Alphonse alisema baada ya kufikiri, "ni kusindikiza. Na nani njo anasindikizwaka? Bakubwa. Labda ni heshima."

"Papa, heshima na rangi ya rouge?"

"Cardinal anavaaka nini? Si rouge?"

Brigitte aliirudisha simu kwa Abigaël. Alikuwa amelipitia somo lile kichwani kutoka kengele hadi kengele na hakuona alipojikwaa. Watoto walipata nne. Wenzake walipiga makofi. Au mtu alimsemea vibaya? Asubuhi ya pili alimsalimu Guelord kwa midomo mikavu, na Guelord, bila kuelewa, akambebea mkoba wake hadi darasani. Basi akajilaumu. Lakini kama si Guelord, nani?

"Enda umuulize ule mademoiselle," Abigaël alimwambia. "Anakula bantu? Hakuli bantu."

Ofisi ya programu ilikuwa nyumba ya kupanga kwenye barabara ya kuelekea hoteli ya Karavia, yenye majani yaliyokatwa sawasawa. Mlinzi alimwuliza kama alikuwa na miadi. Hakuwa nayo. Mlinzi akainuka, akampa kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama kwa dakika arobaini. Brigitte akamwuliza jina. Mwelwa. Akalitia akilini, amwombee Jumapili kanisani.

Wivine alikuja mbio alipoambiwa nani anamngoja. Alimletea maji, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akafungua tableti.

"Maman, munitazamie. Hii si ni maneno yenu?"

Brigitte alivaa miwani. Kuchelewa. Sauti. Mwandiko. Yote kumi na moja yalikuwapo, kwa mpangilio uleule aliosema.

"Ni yangu," alisema, akashangaa. "Lakini nilisema tu."

"Kusema tu ni nini?"

Brigitte akavua miwani. Angeeleza vipi jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza, ambalo alilikuta na kulifuata? Akajaribu kwa njia ya chakula.

"Kwenu Kilwa, mama akiweka samaki ku meza mbele ya bageni, anasema nini?"

"Anasema mukule, samaki iko muzuri."

"Haseme hakuna kitu?"

"Juu ya nini aseme hakuna kitu," Wivine aliuliza kwa mshangao wa kweli, "na samaki njo ile, banaiona?"

Walitazamana kama watu wawili waliobeba meza moja mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake arudi nyuma.

"Basi maman, mulidanganya?"

"Hapana! Miye nidanganye?"

"Basi ilikuwa kweli."

"Hapana, haikuwa kweli."

Wivine alishika kichwa. Alikuwa ameambiwa kwenye mafunzo yake kwamba mwalimu anayejua makosa yake ni mwalimu wa thamani, na kwamba msaada lazima umfikie haraka. Yeye alidhani amemfanyia wema mama huyu: alimtanguliza mbele ya wote. Alisema hivyo, na macho yake yakalowa. Brigitte akajikuta, yeye aliyekuja kulalamika, anampigapiga bega na kumwambia ni kitu kidogo.

"Haiko kitu kidogo, maman. Na ripoti inaisha kwenda. Siwezi kuirudisha. Lakini somo ya pili nitakuya miye mwenyewe, sitatuma mwengine." Alimsindikiza hadi getini. "Paka kitu kimoja tu. Ile mutasema, njo nitaandika."

Benchi la mwisho lilikuwa la chini. Magoti ya Brigitte yalikaribia kidevu, na karatasi aliyopewa ilikuwa na mistari mingi ambayo hakujua aitie nini. Ramla alisogea kumpa nafasi, akamtazama toka kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Madame, munarudilia mwaka?"

"Njo vile, mutoto yangu. Narudilia."

"Musilie," Ramla alimshauri. "Elisée anapatiaka maji."

Kwa siku mbili za kwanza hakuona kitu ila mgongo wa Elisée. Kijana alifanya kazi. Alitoka jasho, alipaza sauti kupita kiasi, aliita watoto kwa majina yasiyo yao. Kwenye kona ya juu ya ubao tarehe ilikuwa imebaki vilevile, Jumatano ile aliyomkabidhi darasa, kwa mwandiko wa Brigitte. Elisée aliandika pembeni yake na kufuta kuizunguka. Alipoulizwa, alisema watoto walimkataza: hiyo ni ya Madame. Ndivyo darasa zima lilivyoishi wiki tatu ndani ya Jumatano moja.

Siku ya tatu Elisée aliandika hesabu za kutoa chini ya ubao, mstari kwa mstari. Watoto wakaanza kunakili. Ramla hakuinua macho. Alinyoosha shingo kwenye kibao cha jirani yake, Djo, akanakili kwa mwandiko wake mzuri.

"Juu ya nini hauangalie tableau?" Brigitte alinong'ona.

"Tableau inaishia pale, Madame."

"Pale wapi?"

Ramla alionyesha kwa chaki. Brigitte akatazama, hakuona tatizo. Akainama hadi kichwa chake kikawa sawa na cha mtoto. Ndipo alipoona. Ubao uliishia kwenye meza ya mwalimu: rundo la vitabu, kopo la vifuniko, ndoo ya maji. Kila kilichoandikwa chini ya katikati kilikuwa nyuma ya vitu hivyo. Meza hiyo aliihamishia pale yeye mwenyewe, mwaka ambao bati lilivuja. Bati lilitengenezwa. Meza ikabaki.

"Tangu mwanzo hauonake?"

"Tangu mwanzo. Lakini Djo anaonaka. Djo eko murefu."

Brigitte alibaki ameinama. Ba nyuma sikubaona hata. Sentensi hiyo alikuwa ameisema katika kila critique kwa miaka thelathini na mmoja, kwa adabu tu, kama mtu anavyosema hakuna kitu mbele ya sahani iliyojaa. Alikumbuka nne nzuri ya Ramla na jinsi alivyoisifu. Ilikuwa nne ya Djo. Na kabla ya Ramla, walikaa nani pale? Alijaribu kuhesabu miaka tangu bati lile, akaacha. Alikuja kwenye benchi lile akiwa mtu aliyeonewa, na sasa hakujua tena alikuwa nani.

Wakati wa mapumziko walisukuma meza ukutani, yeye na Elisée.

"Maman, tuandike hii mu karatasi yenu?" kijana aliuliza akijifuta vumbi.

"Ngoja kwanza," Brigitte alisema. "Sijue niiandike namna gani."

Jumapili jioni, kesho yake ikiwa siku ya somo la pili, Alphonse aliketi mbele ya mke wake kama mtahini.

"Sema: nilifundisha muzuri."

"Nilifundisha... si mubaya sana."

"Tena."

"Nilifundisha muzuri kidogo."

Abigaël aliacha cherehani, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mamu, ya kujisema mubaya inatoka mbio! Ya muzuri inakuya pole pole sawa treni ya papa!"

"Acha treni yangu," Alphonse alisema. Kisha akamgeukia mke wake, sauti ikiwa nyingine. "Brigitte, sikiliza. Ku kazi yetu, kama signal iko vert, rangi ya majani, hauwezi kusema iko kidogo rouge juu ya heshima. Treni itasimama mu njia, na ingine iko inakuya nyuma."

Brigitte alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua.

"Na kama iko rouge moja ya kweli?"

Alphonse hakuuliza ni ipi. "Basi unaisema ile moja."

"Na ile ingine kumi?"

"Ile kumi unaiachia bageni ba bukari."

Akajaribu tena, akitazama ukuta. Ilipofika mara ya saba maneno yalitoka yote, lakini alikuwa amefunga macho.

Asubuhi blauzi ilikuwa nyeupe na ya moto, na safari hii aliivaa sawasawa. Alifundisha kutoa tena, kwa vitumbua vilevile na mlafi yuleyule, meza ikiwa ukutani. Alipoandika chini ya ubao aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona: nyuma kabisa, macho ya Ramla yakipanda na kushuka, kutoka kibao hadi ubao, kutoka ubao hadi kibao. Mtoto huyo alifanya polepole sana. Jibu lake la kwanza lilikuwa kosa, na Brigitte alilipokea kama zawadi, kwa kuwa lilikuwa lake mwenyewe.

Watoto walitoka. Wivine alifungua tableti.

"Maman, tunaanza na ninyi."

Brigitte alisimama. Wenzake walikuwa wametazama sakafu, kwa sababu wote walijua ni nini alichopaswa kusema, na hakuna aliyekuwa amewahi kukisikia kikisemwa kati yao.

"Nilifundisha muzuri," alisema.

Mtu mmoja akakohoa. Ilikuwa kama amevua kiatu mbele ya watu. Guelord alifungua mdomo ili aseme hapana, maman, kisha akaona kwamba hapana haifai, akaufunga.

"Njo vile," Asani alisema kutoka mlangoni. "Ni kweli."

"Makosa?" Wivine aliuliza.

"Moja. Miaka mingi, batoto ba benchi ya mwisho habakuonaka tableau. Meza njo ilikata. Meza ni yangu."

"Leo pia habakuona?"

"Leo baliona. Tulisukuma meza."

Wivine alishusha kidole, akakiinua. "Maman, hii inaniuliza paka somo ya leo tu. Leo haina kosa."

"Andika ya zamani."

"Ya zamani iko, maman. Ni ile ya tano. Iko kati ya ile kumi na moja."

"Ile nilisemaka bila kujua."

"Na ile ingine kumi?"

"Ile kumi nilisemaka tu."

Wivine aliwatazama walimu mmoja mmoja, akitafuta wa kumsaidia. Elisée aliinua mabega. Guelord aliinua mabega. Hatimaye akaandika sifuri, kwa sababu sifuri ndiyo iliyokuwa kweli ya siku hiyo, na Asani akaomba miwani, akasoma kila mstari mpaka walimu wakaanza kupiga miayo, ndipo akaweka kidole.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Brigitte alirudishiwa darasa la kwanza. Jina lake lilibandikwa mlangoni kwa rangi nyeusi, sifuri mbele yake, na wale mama wa getini wakampongeza kwa sauti kubwa. Yeye aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Ya kwanza ilisema kumi na moja, hii ilisema hakuna. Alizikunja zote mbili, akaziweka ndani ya daftari lake la maandalio, na hakujua ni ipi iliyomuumiza zaidi.

Elisée alimrudishia kopo la vifuniko. Alivihesabu mbele yake, vifuniko mia na vinne, viwili zaidi ya alivyopokea. Aliviokota njiani, akaona aibu kuvitupa. Brigitte akafuta ile Jumatano ubaoni, akaandika tarehe ya leo.

Saa nne mtoto mmoja alilia, akapewa maji. Kengele ya mapumziko ilipolia, darasa likatoka kama maji ya ndoo iliyopinduka, ila Ramla. Alibaki kwenye benchi lake, amesogea pembeni, nafasi ya mtu mmoja ikiwa wazi kando yake.

"Haucheze?" Brigitte aliuliza.

Ramla alitazama ile nafasi, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

"Madame," alisema, "kesho mukuye tena kunitembelea huku nyuma."